Mkwaju, Tunu na Mimbari Yetu: Uhakiki juu ya Kujifunza kwa Kuiga

1. Utangulizi

Mtu akiiacha barabara ya Bagamoyo na kushuka mpaka pwani ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kisha akakaa kwa muda wa saa moja karibu na soko la samaki, ataona shule isiyo na ubao wala daftari. Mvulana wa miaka tisa ameketi kando ya baba yake mdogo anayeziba wavu. Hakuna anayemwambia neno, lakini vidole vyake vinakwenda hewani vikivifuata vile vya mkubwa wake. Msichana aliyesimama nyuma ya mama anayekaanga samaki anajua ni wakati gani mafuta yamepata moto, ingawa hajaruhusiwa kamwe kuyasogelea. Upande wa machimbo, watoto wa waponda kokoto hushika vijiwe na kugonga kwa mkao uleule wa mama zao. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi twaweza kuongeza kwamba mama na ulimwengu wote wawili hufundisha zaidi kwa kuonekana kuliko kwa kusema.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Mtume Paulo hakuona haya kuwaomba Wakorintho wamfuate yeye kama naye alivyomfuata Kristo (1 Kor. 11:1), na Petro anawataka wazee wa kanisa wawe vielelezo kwa kundi badala ya kulitawala kwa mabavu (1 Pet. 5:3). Hata hivyo, sisi wahubiri hatukujizoeza kuuliza swali moja ambalo ni la lazima: tunapoonyesha mfano mbaya ili watu wauepuke, wasikilizaji wetu hujifunza nini hasa?

Ili kulijibu swali hilo, katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mchezo wa redio uliojulikana kwa jina la Twende na Wakati. Tumeuchagua kwa sababu ulikuwa jaribio kubwa kuliko yote tuyajuayo, katika nchi yetu, la kubadili mwenendo wa watu kwa njia ya kuiga, tena jaribio lililopimwa kwa utafiti. Baada ya hapo tutarudi Kunduchi, ambako sisi wenyewe tulikosea, na mwisho tutautazama utaratibu wetu wa kuhubiri na wa nidhamu ya kanisa.

2. Mchezo na nadharia yake

Twende na Wakati ulianza kutangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa juma, kwa ushirikiano na shirika la Population Communications International la New York. Hali ya nchi wakati huo yafaa ikumbukwe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za ugonjwa huo. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo katika hospitali zetu. Mpango wa taifa wa kuzitoa ulianza mwaka 2004 tu. Aidha, mwaka 1993 redio ya taifa haikuwa na mshindani. Mchezo uliosikika jioni ulisikika karibu na jirani vilevile.

Mhusika aliyejulikana zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, ambaye hatimaye aliambukizwa virusi vya UKIMWI. Mkewe, Tunu, alianza kama mwanamke mnyonge aliyevumilia kila jambo. Taratibu alipata sauti, akaachana na mume huyo na kujitegemea kwa biashara ndogo. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia mitaani, hata mwanamume mwenye tabia ya aina hiyo akaitwa kwa jina hilo.

Mpangilio huu wa wahusika haukutokea kwa bahati. Ulifuata njia iliyobuniwa nchini Mexico na Miguel Sabido, ambaye mwaka 1975 alitunga mchezo wa televisheni ulioitwa Ven Conmigo ili kuwavuta watu wazima kwenye madarasa ya kusoma na kuandika. Njia hiyo ilikwisha kufika kwa majirani zetu wa Kenya mwaka 1987, kwa mchezo wa televisheni wa Tushauriane na ule wa redio wa Ushikwapo Shikamana. Kwa mujibu wa Sabido, mchezo wa namna hii hauna budi kuwa na wahusika wa makundi matatu: wale walio wema, wale walio waovu, na wale wanaobadilika, yaani waanzao kwa mashaka na kuanguka, kisha wakajikongoja hadi kwenye mwenendo bora.

Nyuma ya Sabido alisimama mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mzaliwa wa Canada, aliyefariki mwaka 2021. Katika jaribio lake la mwaka 1961, yeye na wenzake waliwaweka watoto wadogo mahali ambapo mtu mzima alikuwa akilipiga sanamu kubwa la plastiki lililojazwa upepo, akiligonga kwa nyundo ya mti na kulitolea maneno makali. Watoto walipoachwa na sanamu hilo baadaye, walirudia mapigo yale yale, na hata maneno yale yale, pasipo mtu kuwaamuru wala kuwapa thawabu. Bandura akahitimisha kwamba mtu anaweza kujifunza tendo kwa kulitazama tu. Baadaye alieleza kwamba ili tendo liigwe, mtazamaji hana budi kulizingatia, kulikumbuka, kuwa na uwezo wa kulitenda, na kuwa na sababu ya kulitaka.

3. Uhakiki: nini kilichofundishwa?

Haki itendeke kwanza kwa mchezo wenyewe. Wapangaji wake hawakujisifu bila kipimo. Hadi mwaka 1995 matangazo ya mchezo hayakusikika katika eneo la Dodoma, ili watafiti walioongozwa na Peter Vaughan na Everett Rogers waweze kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Miongoni mwa wasikilizaji waliohojiwa mwaka 1994, asilimia 72 walisema kwamba wamechukua hatua fulani ya kujikinga na UKIMWI kwa sababu ya mchezo, na mwaka 1995 waliosema hivyo walifikia asilimia 82. Sisi tunaoungamisha watu twajua umbali uliopo kati ya kusema na kutenda, kwa hiyo twazipokea hesabu hizo kwa tahadhari. Lakini katika zahanati pia walionekana watu waliokuja kutafuta uzazi wa mpango na kuutaja mchezo huo kuwa ndio uliowasukuma. Mchungaji anayedharau matunda kama hayo kwa kuwa tu hayakutoka mimbarini, huyo ana wivu, hana hoja.

Walakini tunao ushahidi mwingine, mdogo, ambao haukuingia katika hesabu za watafiti. Wakati mchezo ulipoanza sisi tulikuwa watoto. Tuliusikiliza pamoja na wazazi, na kesho yake uani tuliuigiza. Wala hatukumwigiza Tunu. Kila mvulana alitaka kuwa Mkwaju: kuliendesha lori kwa mdomo, kuita wahudumu wa baa, kucheka kicheko kile cha mtu asiyeogopa kitu. Ugonjwa wake tuliufahamu vizuri, na tungeulizwa tungejibu upesi kwamba Mkwaju ni mtu mbaya. Pamoja na hayo, aliyeingia katika viungo vyetu ni yeye.

Je, tulikuwa watoto watukutu kupita wengine? La hasha. Bandura mwenyewe alikuwa ameyaona hayo miaka mingi kabla. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1965, aliwaonyesha watoto filamu ya mtu anayelipiga sanamu lile. Kundi moja liliona mtu huyo akisifiwa na kupewa peremende, la pili liliona akikemewa na kuadhibiwa, na la tatu halikuona tokeo lolote. Wale walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine, na hapo wengi wetu tungefunga kitabu tukifurahi kwamba onyo limefaulu. Lakini mtafiti aliendelea. Aliwaahidi watoto wote zawadi iwapo wangeonyesha yale waliyoyaona. Tofauti ikatoweka. Walioona adhabu waliyajua mapigo yote sawasawa na walioona sifa.

Maana yake ni nzito kwetu. Adhabu ya mfano mbaya haizuii watu kujifunza, bali huahirisha kutenda tu. Somo limekwisha kuingia, nalo hungoja siku ambayo hofu itapungua au faida itaongezeka. Kwa mantiki hiyo, sehemu yenye nguvu ya mchezo haikuwa Mkwaju, ijapokuwa ndiye anayekumbukwa. Mkwaju aliwaambia watu wapi wasiende. Aliyewaonyesha jinsi ya kutoka mahali walipokuwa ni Tunu, kwa sababu alianzia palepale walipo wasikilizaji wengi, akapiga hatua ndogo ambazo mtu wa kawaida aweza kuzipiga. Kasoro tunayoiona katika mchezo ni kwamba mwovu wake alichorwa kwa rangi kali zaidi kuliko yule aliyebadilika. Na kasoro tunayoiona kwetu ni kubwa zaidi: kanisa lilimchukua Mkwaju likampandisha mimbarini, na Tunu likamwacha nje.

4. Nyumba ya Daudi

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya wanasaikolojia peke yao. Kitabu cha pili cha Samweli kimeyaeleza kwa uwazi unaotisha. Katika sura ya 11 Daudi, akiwa juu ya dari ya nyumba yake, anamwona mke wa mtu na kumtwaa. Anamlevya Uria ili kuficha dhambi, na hilo lisipofaa anapanga auawe kwa mikono ya wengine. Katika sura ya 12 adhabu inakuja mbele ya watu wote. Nathani anamkemea, na mtoto anakufa. Kama adhabu ya mfano mbaya ingetosha kuwafundisha watazamaji, wana wa Daudi wangekuwa watakatifu.

Lakini twasoma nini katika sura ya 13? Amnoni, mzaliwa wa kwanza, anamtamani Tamari na kumtwaa kwa nguvu. Absalomu anamngojea Amnoni mpaka moyo wake umefurahi kwa mvinyo, kisha anaamuru watumishi wamwue. Katika sura ya 16 Absalomu anawaingilia masuria wa baba yake, na mahali panapochaguliwa ni juu ya dari. Tamaa, ulevi, mauaji kwa mikono ya wengine, na dari: kila kitu ambacho baba alikitenda wana wamekirudia, kila mmoja kipande chake. Ni kweli kwamba msimulizi anayaweka haya chini ya hukumu ambayo Nathani aliitangaza. Ila hukumu hiyo haikuteremka kama radi. Ilipita katika macho ya wana waliokuwa wakimtazama baba yao.

Hapa yafaa tujiulize jambo moja zaidi. Daudi alitubu, na kanisa limeihesabu toba yake kuwa kubwa. Je, wanawe waliiona? Amnoni alipotenda uovu wake, twasoma kwamba mfalme alikasirika sana (13:21), lakini hatusomi kwamba alimwita kijana huyo akamweleza njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipita kutoka dhambini. Dhambi ya Daudi ilijulikana katika nyumba yake. Njia ya kurudi kwake haikutumika kumfundisha mwanawe.

5. Kosa letu pale Kunduchi

Tuliyoyasema kuhusu mchezo na kuhusu Daudi, tuliyajua kwanza kwa kosa letu wenyewe. Mwaka 2014, tukiwa mchungaji kijana, tulifundisha kwa muda darasa la kipaimara katika usharika mmoja ulio jirani na Kunduchi. Ifahamike kwamba wavuvi wengi wa kijiji kile ni Waislamu wenye asili ya pwani, na kwamba washarika wetu wengi ni wageni waliotoka bara. Hata hivyo watoto wa pande zote hucheza ufuo mmoja na kutazama bahari moja.

Katika miaka ile uvuvi wa baruti ulikuwa umekithiri katika pwani ya Dar es Salaam. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliukataza, na visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilikuwa hifadhi tangu mwaka 1975, lakini milio ilisikika. Baruti huua samaki wakubwa, wadogo na mayai kwa pamoja, na huvunja miamba ya matumbawe ambamo samaki huzaliana. Tukiwa na uchungu huo, tuliwaandalia wavulana na wasichana wa kipaimara somo juu ya amri ya tano. Tukawasimulia kwa kirefu habari za mvuvi aliyepoteza mkono kwa bomu lililolipuka kabla ya kurushwa: jinsi alivyotoka alfajiri, jinsi alivyojificha doria, jinsi samaki walivyoelea weupe juu ya maji, na mwisho jinsi mkono ulivyokatika. Darasa lilikuwa kimya. Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba tumefundisha vema.

Siku chache baadaye tulipita ufuoni tukawakuta wavulana watatu wa darasa lile. Walikuwa wamejaza mchanga katika chupa tupu za soda. Mmoja alikuwa doria, wawili walikuwa wavuvi. Chupa ilirushwa majini, wote wakatoa mlio kwa pamoja, kisha wakaingia kuokota samaki wasiokuwapo. Walipotuona walisimama wima. "Shikamoo, Baba Mchungaji," wakasema, na mmoja akaongeza kwa furaha ya kweli: "Tunacheza lile somo lako."

Hatukuwa na jibu. Hapakuwa na mkono uliokatika katika mchezo wao. Tulikuwa tumelipa tendo ovu robo tatu ya saa, na toba hatukuipa hata dakika moja, kwa kuwa yule mtu wa hadithi yetu hakutubu. Alikatika mkono tu.

Tulimweleza mzee mmoja wa usharika, mvuvi mwenye asili ya Kagera aliyejifunza bahari ukubwani. Alinyamaza kitambo. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitazamia: kwamba miaka ya nyuma, alipofika pwani bila nyavu wala mtaji, alikaribishwa katika kundi la baruti akaenda nalo baharini kwa msimu mzima. Aliacha. Mchungaji wa wakati huo alijua, na baraza la wazee lilijua, lakini lilimshauri asilitaje tena jambo hilo ili asilete aibu. "Baba Mchungaji," alisema, "wewe umewaonyesha mkono uliokatika. Niruhusu niwaonyeshe mkono unaofanya kazi."

Kwa idhini ya wazazi, na kwa kibali cha baraza ambacho hakikupatikana bila mabishano, alikuja darasani. Hakueleza baruti inavyotengenezwa. Alieleza namna njaa ilivyomshawishi, jinsi alivyoogopa kuwaambia wenzake kwamba haendi tena, jinsi mke wake alivyouza kitenge ili wanunue mshipi na ndoana, na jinsi mwezi wa kwanza walivyokula ugali kwa chumvi. Jumamosi iliyofuata aliwachukua wavulana wale watatu kandokando ya pwani katika mtumbwi wake, akawaonyesha namna ya kutia chambo na kungoja. Hatudai kwamba Kunduchi nzima iligeuka. Tunachoweza kushuhudia ni kwamba tulipopita tena ufuoni, mchezo ulikuwa mwingine. Wavulana walikuwa wameketi kimya juu ya gogo, kila mmoja na uzi wake, wakimwigiza mzee hata katika kukohoa kwake.

6. Zawadi kabla ya kielelezo

Msomaji Mlutheri aweza kutuuliza kwa haki: je, hamtugeuzi kuwa watu wa kuiga, wakati Matengenezo yalitufundisha kwamba mtu hahesabiwi haki kwa kumwiga mwema yeyote, hata Kristo? Swali hili ni la msingi. Katika maelekezo yake mafupi ya mwaka 1521 juu ya namna ya kuzisoma Injili, Martin Luther aliwaonya wahubiri wasimfanye Kristo kuwa Musa wa pili. Kabla ya kumpokea kama kielelezo, alisema, tumpokee kwanza kama zawadi tuliyopewa na Mungu. Kielelezo peke yake hakimfanyi mtu kuwa Mkristo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Bandura na Sabido. Kwao, nguvu ya kubadilika hutokana na mtu kuamini kwamba yeye mwenyewe anaweza. Tunu anawezesha wengine kwa kuwa wanasema: kama yeye ameweza, nami nitaweza. Hatulidharau neno hilo, kwa maana mwanamke aliyenyong'onyezwa anahitaji kulisikia. Lakini twauliza: na yule ambaye amejaribu akashindwa mara saba? Na mwanamke asiye na mtaji hata wa kununua fungu la mchicha? Mbele ya watu hao, mfano wa aliyefaulu waweza kugeuka kuwa sheria, na sheria, kama tunavyoungama, humhukumu mtu pasipo kumpa nguvu.

Ndiyo maana Maandiko, yanapotuonyesha mtu wa kufuatwa, mara nyingi hutuonyesha aliyepokelewa kabla ya kufaulu. Petro anaambiwa habari za kuanguka kwake na za kurejea kwake kwa wakati mmoja, na kazi ya kuwaimarisha ndugu zake inawekwa juu ya kurejea huko (Lk. 22:31-34). Paulo anasema kwamba alihurumiwa, yeye aliye wa kwanza miongoni mwa wenye dhambi, ili uvumilivu wa Kristo uonekane ndani yake kuwa kielelezo kwa watakaoamini (1 Tim. 1:16). Kinachoonyeshwa hapo ni rehema iliyomfikia mtu dhaifu na njia aliyoanza kuitembea baada ya kuipokea. Uwezo wa Paulo hautajwi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuigwa na aliyeshindwa mara saba, kwa kuwa hatua yake ya kwanza ni kupokea.

Afrika Mashariki tumewahi kumwona mtu kama huyo mbele ya macho yetu. Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alijitokeza hadharani akasema kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, akiwa kiongozi wa kwanza wa dini katika Afrika kufanya hivyo. Hilo lilikuwa mwaka mmoja kabla ya Mkwaju kusikika redioni. Tangu hapo watu walikuwa na mtu wa kumtazama mwenye uso, jina na madhabahu, anayeishi baada ya kile ambacho mahubiri mengi yalikiita mwisho wa safari.

7. Nidhamu yetu na macho ya kundi

Sasa tuutazame utaratibu wetu. Katika sharika zetu nyingi mtu akianguka hutengwa, na jina lake hutajwa mbele ya kundi. Akitubu hurudi kundini, na kurudi huko hutangazwa kwa sentensi moja kati ya tangazo la kwaya na lile la mavuno. Kati ya siku hizo mbili, ambazo zaweza kuachana kwa miezi mingi, hakuna mtu anayeona kitu. Waumini wameona anguko, wameona adhabu, wameona mwisho. Njia yenyewe, ambayo ndiyo ingewafaa kuliko yote, imefanyika gizani baina ya mwenye kutubu na wazee wawili. Tumefanya kama filamu ya mwaka 1965: tumeonyesha kosa na kipigo chake, kisha tukashangaa kwamba vijana wanakijua kile tulichotaka wakisahau.

Hatupendekezi nidhamu ifutwe. Wala hatupendekezi watu walazimishwe kueleza dhambi zao hadharani, maana huko ni kuwavua nguo wadhaifu mbele za watu, na siri ya maungamo ni amana ambayo mchungaji hana ruhusa ya kuichezea. Mzee wetu wa Kunduchi alisema kwa hiari yake, baada ya miaka, na alisimulia kutoka kwake zaidi kuliko kuingia kwake. Tunachopendekeza ni mambo matatu.

Kwanza, mhubiri anapoandaa mfano, apime muda. Kama anguko limepewa maneno mia tatu na kurudi kumepewa ishirini, ajue kwamba amehubiri anguko.

Pili, baraza la wazee lisiwe la kwanza kuwanyamazisha wale waliorudi. Yeye anayetaka kusema apewe nafasi, ahifadhiwe dhidi ya masengenyo, na aambatane na vijana katika kazi ya mikono, kwa kuwa huko ndiko wanakotazama zaidi kuliko kusikiliza.

Tatu, sisi tulio walimu katika vyuo vya theolojia tujiangalie wenyewe. Mwanafunzi anayetoka kwetu huondoka na daftari la dogmatiki, lakini huondoka pia na namna yetu ya kumjibu mhudumu wa jikoni, ya kuchelewa darasani, ya kukiri kwamba tumekosea au kutokukiri kamwe. Wapo wachungaji ambao ukiwasikia wakihubiri waweza kumtaja mwalimu wao kwa sauti tu. Ni wangapi ambao ukiwaona wakiomba msamaha waweza kumtaja mwalimu wao?

8. Hitimisho

Luther alipotoka kuzikagua sharika za Saxony mwaka 1528, alishtushwa na ujinga aliouona. Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529 aliielekeza kwa baba wa nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake. Tumezoea kuyasoma maelekezo hayo kama agizo la kukaririsha. Lakini anayekaririsha nyumbani anaonekana mchana kutwa na watu wale wale anaowakaririsha.

Twende na Wakati ulikuwa kazi njema ambayo kanisa lingefaa kuisikiliza kwa makini zaidi. Ulitufundisha kwamba watu hufuata wanachokiona kinawezekana. Kosa ambalo sisi tulilifanya Kunduchi, na ambalo twahofu bado linafanyika katika mimbari nyingi, ni kuwaonyesha watu shimo kwa ustadi kiasi kwamba wanalijua kila pembe, na kutowaonyesha mtu hata mmoja anayepanda kutoka ndani yake. Watu wa namna hiyo wamo katika sharika zetu, na wengine wamekaa kimya kwa sababu sisi ndio tuliowashauri wanyamaze. Kazi ya kwanza ya mchungaji atakayekubaliana nasi ni kwenda kwa mmoja wao na kumwomba radhi.